Bendera Zisizopandishwa

Saa kumi jioni sheria ingemfungulia mlango Lorcan Minihane. Sasa ilikuwa saa sita mchana, na muda uliobaki aliutumia kudai umeme.

"Sidai wakili," alisema. "Sidai chai nyingine pia, maana hii mnayoita chai hata mbwa wangu angeniuliza nimemkosea nini. Nadai mnirudishie umeme melini. Nina chambo kwenye friza, vibua tani nzima, na tangu jana mchana mmezima kila kitu. Nikitoka hapa nitakuta supu."

Sajini Gobnait Tangney alikuwa mpelelezi kwa miaka ishirini na miwili. Katika chumba kile cha kituo cha Rosbrack ameona watu wakililia mama zao, sigara, na mara moja paka. Kulilia vibua lilikuwa jambo jipya.

"Vibua wamekwishakufa, nahodha," alisema. "Hawana haraka. Tuzungumze papa."

Alilisogeza mezani kopo la chai lililotolewa kwenye droo ya chumba cha usukani cha meli ya Minihane, *Stella Maura*. Ndani mlikuwa na lebo kumi na mbili za manjano, kila moja urefu wa kidole gumba, kila moja na namba yake. Kila mtu wa Rosbrack alijua ni nini. Wavuvi wa mshipi wa pale, wale wanaovua papa mmojammoja kwa starehe, humvuta papa hadi ubavuni mwa mashua, humchoma lebo chini ya pezi la mgongoni, humwandikia kadi, kisha humwachia aende zake. Meli ikija kumnasa papa mwenye lebo, nahodha anatakiwa aitolee taarifa. *Stella Maura* ilivua jodari kwa dhulumati, kamba ndefu kutoka hapa hadi usipopaona, ndoano elfu mbili, na haijawahi kurudisha lebo hata moja.

"Sijapata kuziona," Minihane alisema.

"Zilikuwa chini ya miwani yako."

"Na mimi nakwambia yeyote angeweza kuziweka. Meli yangu haina kufuli hata moja. Andika hivyo, Creedon. Hata choo chake hakina komeo, ukiingia unaimba ili watu wajue umo. Nani ataiba vibua?"

Askari Ultan Creedon, mtu mkubwa aliyekalia kiti kana kwamba amekiazima, aliandika.

"Na Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa baa kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, nikitazama Cork wakipigwa fainali ya mpira wa magongo. Nimekaa chini kabisa ya televisheni. Muulize padri, alinimwagia bia mapajani."

Padri alikwisha kuulizwa, na aliungama. Watu sabini walimwona Minihane pale, na mabaharia wake wanne walikuwa meza moja naye. Hapo ndipo kesi ilipokwama. Fachtna Deasy, mzee wa miaka sitini na mmoja, nahodha wa mashua ya wavuvi wa mshipi, mtu aliyemwita Minihane mwuaji wa papa mbele ya gati zima si chini ya mara kumi, alitoweka Jumapili hiyohiyo. Saa moja jioni mashua yake, *Nellie Rua*, ilikutwa nje ya rasi ikielea peke yake, injini inanguruma, gia haijaingizwa, hakuna mtu. Helikopta na boti za uokoaji zilikuwa zikichana bahari kwa siku ya pili. Damu iliyokutwa sakafuni mwa mashua ilileta matumaini mabaya kwa saa kumi na nane, hadi maabara waliposema ni ya samaki.

"Mzee Deasy alikuwa anakutangaza kwenye magazeti," Tangney alisema. "Anasema umemaliza papa wa bahari nzima."

"Bahari ni kubwa, Sajini. Kama papa wamehama, labda wamechoshwa na kelele za Deasy." Alitabasamu, kisha tabasamu likashuka lenyewe. "Basi angalau friza. Friza tu. Mwanamume mmoja aende awashe swichi moja. Hata huyu Creedon anaweza, nitamchorea."

Tangney alisimama. Juu ya kabati, ndani ya bahasha wazi ya plastiki, vilikuwa vitu vilivyotolewa mifukoni mwa Minihane: leso, tumbaku, ufunguo mdogo wa shaba, risiti ya viatu. Alivitazama kama mtu anavyotazama vitu vya mwingine, akatoka.

*

Mashua ya Fachtna ilikuwa imevutwa juu ya nchi kavu nyuma ya kituo. Tangney aliizunguka mara mbili akiwa na lebo moja kiganjani. Creedon alimfuata akitafuna mkate wa nyama ya nguruwe.

"Ultan, wewe baba yako alikuwa mvuvi. Lebo ikikaa wiki sita ndani ya papa, inakuwaje?"

"Inachafuka. Inashika utelezi, halafu mwani. Baba alileta moja iliyoota ndevu kuliko babu."

"Hizi kumi na mbili, kadi zake zinasema zilichomwa mwezi wa sita. Zitazame."

Creedon alifuta vidole kwenye suruali, akaichukua. Ilikuwa safi. Ncha yake ya chuma, ambayo hutengenezwa kama mshale ili isichomoke nyamani, ilikuwa imenyooka kabisa.

"Hii haijawahi kuonja papa," alisema polepole. "Ukiikwanyua kwenye nyama lazima ipinde."

"Zote kumi na mbili?"

"Zote zimetoka kwenye pakiti, Sajini."

Tangney alikuwa amesimama upande wa kushoto wa *Nellie Rua*, akitazama maboya matatu ya mpira yaliyoning'inia ubavuni, yale yanayozuia mashua isikwaruzane na gati. Siku mbili watu wameyapita. Yeye mwenyewe ameyapita mara tano, na mara moja aligonga moja kwa kichwa.

"Mashua inapotoka kwenda baharini na maboya nje, watu wa gatini hufanya nini?"

"Humpigia miluzi nahodha mpaka aende kuungama. Ni kama kutoka nyumbani na shati nje ya zipu." Mkate ulisimama njiani kuelekea mdomoni. "Mzee Fachtna hawezi. Miaka arobaini baharini. Hawezi kabisa."

"Basi hakutoka kwenda baharini. Alikuwa amefunga mashua ubavuni mwa kitu." Alilisugua boya la katikati kwa kidole gumba. Kidole kilirudi na alama ya kijani. "Na kamba ya mbele ilikutwa ikiburura majini, haijakatwa. Alizungusha mara moja tu, kama mtu anayekaa dakika tano. Maji yalianza kupwa saa ngapi Jumapili?"

"Tisa, tisa na robo."

"Injini ikinguruma, kamba imelegea, maji yanatoka nje. Mashua ikaondoka peke yake, mwenyewe hayumo."

Kwenye bandari nzima ya Rosbrack kulikuwa na chombo kimoja tu chenye ubavu wa kijani, *Stella Maura*. Creedon aliufunga mkate wake kwenye karatasi na kuutia mfukoni, jambo ambalo Tangney hakuwa ameliona likitokea kabla.

*

Msimamizi wa bandari, Cornelius Hurley, alikuwa na kitabu kikubwa cha kila siku: upepo, maji, nani katoka, nani karudi. Na kwa kuwa baba yake alifanya hivyo, aliandika pia bendera. Mashua ya mshipi inaporudi hupandisha kijibendera kimoja kwa kila papa aliyetiwa lebo. Watu hukaa ukutani na kuhesabu, na mwenye bendera nyingi hanunui kinywaji usiku huo.

"Tarehe tisa Juni," Tangney alisema. "*Nellie Rua*. Kadi zinasema papa watano."

Cornelius alipitisha ukucha mrefu kwenye mstari. "Hakuna bendera."

"Tarehe kumi na sita. Papa wanne."

"Hakuna."

"Ishirini na tatu. Watatu."

"Hakuna, bibie. Na mimi siku hiyo nilikuwa nimekaa hapahapa nikimwombea japo mmoja. Aliteremka kama mtu aliyetoka mazikoni." Akakifunga kitabu. "Kadi zimeandikwa na nani?"

"Na yeye."

Mzee alitazama dirishani, kule ambako *Stella Maura* ilikuwa imelala gatini na utepe wa polisi kiunoni, kimya, bila hata taa.

"Fachtna anaweza kukuambia uongo kuhusu umri wake, uzito wake na mke wake wa kwanza," alisema. "Bendera, hapana."

*

Ofisi ya chama cha wavuvi wa mshipi ilikuwa juu ya duka la viatu vya mpira. Katibu wake alikuwa Honora Deasy, dada mkubwa wa Fachtna, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya wanakijiji kusoma na nusu nyingine kunyamaza. Alikuwa ameketi nyuma ya daftari lenye unene wa tofali. Ndani yake miaka thelathini na moja ya papa: namba, tarehe, urefu, jike au dume. Wanasayansi walitoka mbali kuja kulisoma.

"Mmempata?" aliuliza.

"Bado, Bi Honora. Nani alipiga simu ofisi ya uvuvi jana asubuhi, akisema ndani ya *Stella Maura* kuna lebo?"

"Simu isiyo na jina, binti, haina jina."

"Siku hizi zote zina namba, mama."

Bi Honora alinyoosha daftari likae sawa na ukingo wa meza. Lilikuwa sawa tangu mwanzo.

"Lebo ni mpya," Tangney alisema. "Kadi ni za uongo, na wewe ndiye uliyezibandika humo. Sijaja kwa sababu ya hilo. Nataka kujua saa ngapi Jumapili mdogo wako alipanda meli ya Minihane."

"Fachtna alikutana na yule mtu baharini."

"Minihane hakuwa baharini. Alikuwa chini ya televisheni na bia mapajani."

"Basi alituma mtu. Amemwua, Sajini, na nyinyi saa kumi mtamwachia aende zake kwa sababu lebo kumi na mbili hazikuwatosha. Nikikwambia ni za uongo, nitakuwa nimemtoa mimi mwenyewe gerezani. Halafu watakuja na hili." Akaweka kiganja juu ya daftari. "Watasema kadi kumi na mbili ni za uongo, kwa nini zile elfu sita ziwe za kweli? Watalichoma moto. Mwaka nilioanza kuliandika, mashua moja ilirudi na bendera kumi na tano siku moja. Mwaka jana mashua sita, majira mazima, bendera tisa. Tumeandika barua mpaka posta wakatuonea huruma. Jibu lao ni moja: leteni ushahidi. Ushahidi gani? Papa aliyekatwa kichwa na kutupwa hapigi simu."

"Kwa hiyo mkautengeneza."

"Aliutengeneza yeye. Mimi nilimpa kadi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilimwambia siku zile apandishe na bendera, ili hesabu zilingane. Mtu mwenye akili angepandisha. Akaniambia, Honora, karatasi ni ya serikali, lakini ile kamba ya bendera baba alikuwa anaitazama."

"Saa ngapi, mama?"

Chini dukani mtu alikuwa anajaribu viatu, akitembea kwenda na kurudi.

"Mechi ilipoanza," Bi Honora alisema. "Saa tisa na nusu. Alisema dakika tano."

"Na hakurudi."

"Mashua ilikutwa baharini. Kwa hiyo alirudi mashuani. Si ndivyo?" Alimtazama Tangney kama wanafunzi wake walivyokuwa wakimtazama yeye. "Si ndivyo, Sajini?"

Tangney alikuwa amekwisha kufungua jalada alilolibeba kwapani. Lilikuwa na orodha ya upekuzi wa jana, iliyoandikwa na mkaguzi wa uvuvi kwa mwandiko wa mtu mwenye njaa. Chumba cha usukani: lebo kumi na mbili. Ghala la samaki: jodari, masanduku mia na arobaini, yamehesabiwa. Vyumba vya kulala: hakuna kitu. Chini kabisa, mstari ambao alikuwa ameusoma jana na kuupita kama alivyoyapita maboya: *Friza ya chambo: ina kufuli. Itafunguliwa Jumatano nahodha akipatikana kutoa ufunguo.*

Aliusoma mara ya pili. Kisha akampa Creedon.

Creedon alisoma akisogeza midomo. "Lakini alisema meli yake haina hata komeo la choo," alisema. "Nimeandika mwenyewe."

"Nenda kituoni. Juu ya kabati kuna bahasha. Niletee ule ufunguo wa shaba. Usimwambie kitu. Usimtazame hata."

Creedon alishuka ngazi mbilimbili, na duka zima la viatu lilitikisika.

*

Waliukata utepe wa polisi saa nane na dakika ishirini. Utepe ule Tangney aliufunga kwa mkono wake jana, na jana alijisifu kwamba kafunga vizuri. Daktari alikuwa njiani. Sitaha ya *Stella Maura* ilikuwa na joto chini ya viatu, na shakwe walikuwa wamejipanga kwenye paa la chumba cha usukani, wengi kuliko kawaida, wakitazama nyuma ya meli.

Friza ilikuwa ngazi moja chini, mwisho wa njia nyembamba: mlango wa chuma mweupe, mpini mrefu, na kwenye mpini kufuli dogo jipya. Kibandiko cha bei kilikuwa bado mgongoni mwake. Maji mekundu mepesi yalikuwa yametambaa kutoka chini ya mlango na kukauka.

"Deasy," Creedon aliita, akagonga kwa ngumi. "Mzee Fachtna. Ni Ultan, wa Patsy Creedon."

Walisikiliza. Mahali fulani ndani tone la maji lilidondoka, likakaa, likadondoka jingine.

Tangney aliuingiza ufunguo. Alikuwa akitumaini ugome. Ukazunguka bila kelele, mafuta bado mapya.

Harufu ilitoka kwanza. Masanduku ya vibua upande wa kulia yalikuwa yamelainika na kuinama, kama Minihane alivyotabiri. Upande wa kushoto masanduku yalikuwa yamehamishwa, yamepangwa vizuri sakafuni na mtu aliyejipa muda, na nyuma yake, kuanzia chini hadi kiunoni, walikuwa papa. Walikatwa vichwa na mapezi, wamepangana kama kuni, migongo yao ya buluu imegeuka kijivu. Tangney alihesabu hadi thelathini akaacha.

Fachtna Deasy alikuwa ameketi nyuma ya mlango, magoti kifuani, amejifunika magunia ya chumvi. Kofia ilikuwa bado kichwani. Upande wa ndani wa mlango, kuzunguka kifungulio ambacho kingefanya kazi kama nje kusingekuwa na kufuli, chuma kilikuwa kimebonyezwabonyezwa na kitu kigumu. Kisu chake cha kukatia chambo kilikuwa pembeni yake, mpini umevunjika.

Creedon alivua kofia. Mwili wake wote ulijaza mlango, na kwa muda hakuna mwanga ulioingia.

Tangney alipiga magoti. Ngumi ya kulia ya mzee ilikuwa imefumbwa, na kati ya vidole vilitokeza vipande vya manjano. Hakuigusa, kazi hiyo ni ya daktari, lakini aliinamisha tochi. Lebo nne au tano. Zilikuwa na mwani mrefu, mweusi, na ncha zao za chuma zilikuwa zimepinda, kila moja na uzi wa nyama. Alikuja kuweka uongo kwenye droo, akamaliza, na angeweza kurudi mashuani kwake kabla timu hazijatoa jasho. Badala yake alikwenda kutafuta ukweli, akaupata, akakaa kuukata mmojammoja, mpaka mechi ikaisha.

Cork walipigwa. Minihane alirudi saa kumi na mbili, shati limelowa bia, akakuta mlango wa friza yake uko wazi, akaona nani yumo na ameshika nini. Au labda hakuhitaji kuingia. Labda alisikia tu sauti ya kisu. Kisha aliusukuma mlango, akaubana mpini kwa kitu, akaenda kununua kufuli. Duka la viatu vya mpira huuza makufuli, hufunga saa moja, na hutoa risiti.

"Ile risiti ya viatu, Ultan," Tangney alisema bila kugeuka. "Uliisoma?"

"Niliona jina la duka tu."

"Kaisome."

Juu gatini Bi Honora alikuwa amefika, daftari mikononi, hakuna aliyemwita. Cornelius alikuwa amemshika kiwiko. Tangney alipotokea kwenye ngazi, mama yule alimtazama usoni mara moja tu na hakuuliza lile swali. Aliuliza jingine.

"Ningesema jana asubuhi, nilipopiga simu, mngemkuta hai?"

Ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri mle ndani, kuanzia Jumapili jioni mpaka Tangney alipoamuru umeme ukatwe. Alikuwa na jibu lake mwenyewe, na lilikuwa linamhusu yeye pia.

"Daktari atatuambia, mama."

Bi Honora alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa alama anazostahili. "Ameshika kitu?"

"Lebo. Za zamani. Nimeweza kusoma namba moja, elfu tano mia tisa na sita."

Bi Honora alianza kulifungua daftari, kisha akaliacha. Hakulihitaji.

"Jike," alisema. "Futi saba na nusu. Tarehe kumi na tisa Agosti, miaka minne iliyopita." Mkono wake ulikuwa ukilipapasa jalada. "Siku hiyo alirudi na bendera tatu."

Cornelius, aliyekuwa na kitabu chake ofisini na hakuhitaji kwenda kukitazama, alisema, "Tatu. Nilizihesabu."

Tangney aliutia ufunguo kwenye bahasha, akaandika juu yake saa na dakika. Zilikuwa zimebaki saa moja na nusu kabla sheria haijamfungulia mlango Minihane. Aliondoka kwenda kumwambia kwamba umeme utarudishwa.